Mgeni na Mizani

Methali yetu husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Wazee walioitunga walikuwa na maana kwamba siku mgeni anapofika nyumbani jogoo huchinjwa, na watoto wa mwenyeji, ambao pengine hawajaonja kitoweo kwa majuma kadhaa, nao hupata kipapatio. Mwenyeji hupona kwa sababu ya mgeni, lakini hapo zamani hakupona kwa kuingiza mkono katika mfuko wa mgeni. Siku hizi methali hii imepata tafsiri mpya katika vijiwe vya bodaboda, katika masoko na katika maegesho ya teksi. Anaposhuka mtu mwenye rangi isiyo yetu, au mwenye lafudhi ya mbali, bei hupanda kabla hajafungua mkoba wake.

Jambo hili lina majina mengi. Wengine huliita bei ya mzungu, wengine bei ya mgeni, na vijana husema kwa kifupi kwamba fulani "amepigwa". Nataka kulihakiki kwa utaratibu uleule tuliowafundisha wanachuo wetu wa ualimu: kwanza tulielewe jambo lenyewe, kisha tupime hoja za wanaolitetea, na mwisho ndipo tutoe hukumu. Nasema hivyo kwa sababu mazungumzo mengi ninayoyasikia huanzia kwenye hukumu. Upande mmoja husema huo ni wizi, basi. Upande wa pili husema hiyo ni haki yetu, basi. Nionavyo mimi, pande zote mbili zina haraka.

Mwanza ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu hapa mgeni si mtu wa aina moja. Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, dagaa wa visiwani hununuliwa na wafanyabiashara wanaotoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Watalii hupita mjini wakielekea Serengeti kwa lango la Ndabaka, kando ya barabara ya kwenda Musoma. Wataalamu wa migodi ya dhahabu ya Geita huja mjini kununua mahitaji yao. Wapo vijana kutoka Ulaya wanaojitolea katika shule na hospitali, ambao posho yao ni ndogo. Tena wapo Watanzania wenzetu wenye asili ya Kihindi na ya Kiarabu, ambao babu zao walifungua maduka hapa wakati wengi wetu babu zetu walikuwa bado vijijini. Wote hawa, wakifika mbele ya mchuuzi au dereva asiyewafahamu, hutiwa katika kapu moja.

Tuanze na daladala. Nauli yake hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Nauli hiyo hutangazwa na kila abiria anaijua. Mzungu akipanda daladala Buzuruga kwenda mjini hulipa sawa na mama aliyepakata ndoo ya samaki. Kondakta akijifanya kusahau chenji, hatafika mbali. "Konda, mrudishie mgeni hela yake!" Nimeyasikia maneno hayo zaidi ya mara moja, na waliyoyasema hawakuwa watu waliohudhuria semina ya haki za binadamu. Walijua bei, nao hawakutaka kuaibishwa. Tena ndani ya daladala hiyohiyo kuna bei mbili. Mwanafunzi hulipa pungufu ya mtu mzima. Makondakta hunung'unika, lakini abiria hawanung'uniki, kwa sababu sababu ya tofauti hiyo inajulikana, na sare na kitambulisho cha mwanafunzi vinaonekana.

Sasa tushuke, tuvuke barabara, twende kwenye kijiwe cha bodaboda. Hapo hakuna ubao wala tangazo. Siku moja nilimsikia kijana akimtajia binti wa Kizungu shilingi 6,000 kwa safari ya kwenda Capri Point, safari ambayo mimi hulipa 2,000. Binti alilipa bila kubisha. Kijana aliporudi alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mzee," nami nikamwitikia, kisha nikamwuliza kwa nini amemtoza yule binti mara tatu.

Hakukasirika. "Mzee wangu," akasema, "yule akibadilisha dola moja tu anapata zaidi ya elfu mbili. Kwake elfu sita ni hela ya maji. Mimi jioni nina hesabu ya tajiri, pikipiki si yangu. Wewe nikikutoza elfu sita, utakula nini?"

Nikamwuliza, "Na yule Mhindi mwenye duka pale, aliyezaliwa hapahapa Bugando, unamtoza ngapi?"

Akacheka. "Huyo naye anazo, mzee."

"Na akija mbunge?"

Alifikiri kidogo. "Mbunge hapandi bodaboda."

Kijana huyu alikuwa na hoja, na nisingetenda haki kama ningemfukuza kwa kumwita mwizi. Maneno yake yana hoja moja kati ya nne ambazo watetezi wa bei ya mgeni huzitoa. Tuzichukue moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya uwezo: mwenye nacho na atoe zaidi. Katika mambo ya umma hoja hii ni nzito. Chukua Serengeti. Katika miaka ya karibuni mtu mzima asiye raia wa Afrika Mashariki ametozwa kiingilio cha dola 60 hadi 70 kwa siku, kutegemea msimu, kabla ya kodi. Raia wa Afrika Mashariki ametozwa shilingi 10,000. Kama tungesema wote walipe sawa na yule wa kwanza, mwalimu wa jiografia wa Magu au Bunda angelazimika kufundisha habari za nyumbu wanaohama kwa kuonyesha picha, ilhali nyumbu wenyewe wako mwendo wa saa chache kutoka darasani kwake. Kama tungesema wote walipe shilingi 10,000, hifadhi isingekuwa na fedha za kuwalipa askari wanaolinda tembo. Bei mbili hapo ni jambo la busara.

Lakini je, kijana wa bodaboda alipima uwezo wa yule binti? Hakumwuliza kazi wala kipato. Pengine alikuwa mwanafunzi anayekopa ili asome. Pengine kabla yake alikuwa amembeba mfanyabiashara wa Kisukuma mwenye meli mbili za mizigo kwa shilingi 2,000. Dereva alipima rangi, kisha akaiita rangi hiyo uwezo.

Hoja ya pili ni ya kodi. Husemwa kwamba barabara, gati na hifadhi vimejengwa kwa jasho la wananchi, hivyo mgeni ambaye hakuchangia na achangie mlangoni. Hoja hii nayo ni nzuri, na hatukuianzisha sisi. Nchini India, tangu mwaka 2018, mgeni anayetaka kuingia Taj Mahal hutozwa rupia 1,100 ilhali Mhindi hutozwa 50. Uongozi wa jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris ulitangaza mwaka 2025 kwamba wageni wanaotoka nje ya Ulaya watalipa kiingilio kikubwa kuliko Wazungu wenyewe. Uingereza, ambayo watu wake hulalamika sana wakitozwa zaidi sokoni kwetu, ilianza mwaka 1967 kuwatoza wanafunzi wa kigeni karo kubwa: paundi 250 kwa mwaka, wakati mwenyeji alihesabiwa paundi 70. Kuanzia mwaka 1980 iliamua kwamba wageni wapya walipe gharama yote. Tena tangu mwaka 2015 mgeni anayeomba kuishi huko kwa muda hulipia huduma ya afya kabla hajaugua. Mwaka 2024 ada hiyo ilifikia paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na wanafunzi hulipa pungufu kidogo. Walimu wetu waliokwenda kusoma shahada za juu huko wanaijua bei ya mgeni kuliko watalii wote wa Capri Point.

Hata hivyo tusome vizuri mifano hiyo. Bei zote hizo zimeandikwa. Mgeni anazijua kabla hajapanda ndege, naye anaweza kukataa kwenda. Sababu yake imetajwa, hata kama hatuipendi. Anayetozwa hutambuliwa kwa pasipoti au hati nyingine, si kwa kutazamwa usoni. Mwisho, fedha hupokelewa kwa risiti na kuingia katika hesabu zinazokaguliwa. Hivyo ni vipimo vinne: bei imeandikwa, sababu inajulikana, mtu anatambuliwa kwa hati, na risiti inatolewa. Zile shilingi 4,000 za ziada za Capri Point hazikufaulu hata kipimo kimoja. Barabara aliyopita yule binti haikupata senti. Kwa hiyo anayesema "mbona serikali nayo ina bei mbili" anafananisha vitu visivyofanana.

Hoja ya tatu ni ya desturi. Husemwa kwamba kwetu bei ni maelewano. Muuzaji hutaja yake, mnunuzi hutaja yake, wakakutana katikati. Mgeni asiyejua kupatana bei alaumu malezi yake. Hoja hii naipenda, kwa sababu ina ukweli wa sokoni ndani yake. Kupatana bei ni mazungumzo, na wapo akina mama pale Makoroboi ambao ukilipa bila kubisha huona umewanyima utamu wa biashara. Hata ndugu yako anayerudi kutoka Dar es Salaam akiwa na viatu vinavyong'aa hutajiwa bei ya juu. Lakini maelewano ni ya watu wawili wanaojua kitu kile kile. Mimi na mama muuza mchicha sote tunajua fungu liliuzwaje jana. Mgeni hajui. Akiongezewa mara mbili atabisha kidogo, apunguziwe kidogo, aondoke akidhani amepatana.

Tena desturi hii, ikishaharibika, haimwumizi mgeni peke yake. Mgeni aliyepigwa huwaonya wenzake: huko bei ya kwanza ni ya uongo, toa nusu. Basi anakuja mwingine kwa mama muuza vitenge ambaye ametaja bei ya haki tangu mwanzo, naye anampa nusu yake, yaani chini ya bei aliyonunulia. Mama akikataa, mgeni anaondoka akiamini ameponea chupuchupu. Mama huyo hufanya nini kesho yake? Naye anapandisha, ili apate mahali pa kushukia. Mkweli amelazimishwa kusema uongo ili auze. Katika madhara yote ya bei ya mgeni, hili kwangu ndilo kubwa kwa upande wetu wenyeji, nalo ndilo linalozungumzwa kidogo.

Hoja ya nne ni ya kisasi. "Walitunyonya miaka mingi, acha nasi tuwanyonye." Husemwa kwa mzaha, lakini mzaha huo una moyo. Ni kweli kwamba utawala wa kikoloni uliwapanga watu kwa rangi katika shule, hospitali na mahoteli. Lakini kisasi hiki hakimfikii aliyekosa. Humfikia mwuguzi anayejitolea, au mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuja kununua dagaa, ambaye nchi yake ilinyonywa kuliko yetu. Mchuuzi wetu naye, akienda Kampala au Guangzhou kufuata mzigo, hufungua kinywa tu na bei ikapanda. Hapo hataki kusikia habari za historia. Huzungumza habari za haki.

Hapa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike kurasa hizi. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili, kwa sababu ukombozi wetu wa kiuchumi ulianzia hapohapo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba ndiyo iliyokuwa uhai wa Usukuma. Mkulima aliibeba hadi kwa mnunuzi wa kampuni za kuchambua pamba, na wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Bei ya ratili moja ilitangazwa na serikali, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi mkubwa juu ya bei yenyewe. Ugomvi ulikuwa juu ya mizani. Mnunuzi ndiye aliyeipima, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyetaja uzito. Aliyefika akiwa mzee asiyejua kusoma alitajiwa uzito mmoja. Aliyefika na mtoto aliyesoma shule ya misheni alitajiwa mwingine. Pamba ilikuwa ileile, ila mizani ilisoma uso wa mwenye pamba. Baba yangu, aliyekuwa mkulima, alisimulia kwamba kilichowauma si zile senti. Kilichowauma ni kusimama mbele ya mizani usiyoruhusiwa kuisoma, ukamwamini mtu ambaye unajua hakuheshimu.

Wakulima hawakuchoma maghala. Walifanya jambo la akili zaidi: walichanga fedha, wakawaajiri vijana waliojua kusoma mizani, wakawasimamisha kwenye vituo vya kununulia ili wapime upya. Kutokana na harakati hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kikakua chama cha wakulima kilichoongozwa na Paul Bomani, kijana aliyekuwa ametumikia ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, makao yake Mwanza, ambalo lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika yaliyoendeshwa na Waafrika katika bara hili. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, na yaliyofuata tunayajua. Lakini msingi wake usisahaulike. Watu hawakudai kupendelewa. Walidai mizani isomwe mchana, mbele ya wote, na isome pamba badala ya kusoma uso.

Mtu atauliza, hilo linahusianaje na bodaboda? Nasema linahusiana moja kwa moja. Elfu sita za binti mgeni na elfu mbili za mzee mwenyeji kwa safari moja ni mizani inayosoma uso. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye mizani ni sisi. Na hatukuishia kwa wageni. Yule anayemjazia mkulima wa viazi gunia la lumbesa, akalipa gunia moja kwa mzigo wa gunia moja na nusu, ametoka katika shule hiyohiyo. Mtu akishazoea kupima kwa kumtazama mtu badala ya kitu, hawezi kuamua kwamba atafanya hivyo kwa Wazungu tu. Ataanza na mgeni wa mbali, amfuate mgeni wa karibu, kisha jirani aliyevaa vizuri, na mwisho mkulima asiyejua pa kulalamika.

Wanaoumia zaidi katika jambo hili ni watu ambao si wageni kabisa. Nina rafiki, mwalimu mstaafu wa hisabati, mwenye asili ya Kihindi. Amezaliwa Mwanza, amefundisha watoto wetu maisha yake yote ya kazi, na Kisukuma chake kinawachekesha wazee kwa ufasaha wake. Kwa miaka mingi hajaenda sokoni mwenyewe. Humtuma msaidizi wake wa nyumbani, kwa sababu akienda yeye nyanya hubadilika bei. Alinieleza hayo bila uchungu, kama mtu anavyoeleza habari za mvua. Utulivu wake huo ndio ulionisumbua. Mtu wa miaka sabini amekubali kwamba katika mji aliozaliwa kuna mahali ambapo lazima awe mgeni. Labda babu yake alikuwa mmoja wa wale waliosimama nyuma ya mizani ya pamba, labda hakuwa. Hata kama alikuwa, deni la babu halilipwi kwa nyanya za mjukuu.

Katiba yetu, katika ibara ya 13, inakataza mtu kubaguliwa na mamlaka yoyote kwa ajili ya utaifa wake, kabila lake, mahali alipotoka au rangi yake. Sidai kwamba mchuuzi wa nyanya ni mamlaka. Lakini Katiba huandikwa ili iwe pia mwalimu, na somo lake ni kwamba uraia hausomwi usoni. Somo hili hata malango ya serikali hayajalielewa sawasawa. Si mara moja nimesimama katika foleni ya kukata tikiti, mahali ambapo sitapataja, nikamwona Mtanzania mwenye asili ya Kiasia akidaiwa kitambulisho cha taifa huku sisi wengine tukipita kwa kutazamwa tu. Mzambia mweusi angepita nasi kwa bei ya mwenyeji bila kuulizwa, ingawa Zambia haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bei yenyewe ilikuwa imeandikwa vizuri ubaoni. Mpimaji ndiye aliyekosea. Dawa yake ni rahisi: ama wote waonyeshe hati, ama pasiwe na anayeonyesha.

Jumuiya yetu imekwisha kutuonyesha kwamba mipaka ya ugeni inaweza kusogezwa. Soko la Pamoja lilipoanza kazi Julai 2010, wengi waliona ni mambo ya makaratasi. Lakini leo mwalimu wa Kisumu au wa Masaka anayefika Saanane, kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji wetu ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, hulipa kiingilio cha mwananchi. Kongo, iliyojiunga mwaka 2022, nayo imeingia katika hesabu hiyo. Ulaya walipitia njia hiyohiyo. Januari 2003 Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba Italia haikuwa na haki ya kuwapunguzia wazee wake viingilio vya majumba ya makumbusho huku ikiwanyima nafuu hiyo wazee wa nchi nyingine za Jumuiya. Serikali za Afrika Mashariki zimekubali katika hifadhi zao kwamba Mkongo si mgeni. Kule Mwaloni, mnunuzi wa dagaa kutoka Bukavu bado hajapata habari hizo.

Tufanye nini basi? Wapo watakaosema serikali ipange bei za kila kitu. Sisi wa umri wangu tunakumbuka Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Bei zilitangazwa, na bidhaa zikajificha chini ya meza; ukafika ule mwaka wa 1983 wa kuwasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Sitaki turudi huko. Mama wa Makoroboi aachiwe uhuru wake wa kupatana bei ya kitenge. Kitenge kina rangi, uzito na mfumo, na watu wawili wanaweza kuzungumza juu yake.

Lakini huduma za kila siku ambazo thamani yake haibadiliki, kama safari ya pikipiki kutoka mjini hadi Nyegezi, mtumbwi wa kuvuka hadi ng'ambo, kubeba mzigo kutoka gatini, hizo ziandikwe. Si lazima serikali iandike. Kila kijiwe cha bodaboda kina mwenyekiti na katibu wake. Wakae, wakubaliane nauli za safari kumi zinazoulizwa sana, waziandike kwenye kibao kwa shilingi, wakitundike kwenye mti wanaokaa chini yake. Kanuni za mwezi Machi 2025 zimekwisha kukataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo ule ukungu wa dola usiwepo tena. Wakiona mgeni alipe zaidi, waandike hivyo pia, na waeleze sababu. Nadhani wataona kwamba sababu hiyo ni ngumu kuiandika. Jambo unaloona haya kuliandika kwenye kibao, na ambalo unaweza kulitenda tu mtu akiwa hajui kusoma mizani yako, huna haja ya kumwuliza shehe wala padri kama ni halali.

Nimekwisha kusikia pingamizi lao. Mapato yatapungua, na hesabu ya tajiri iko palepale. Ni kweli kwamba siku ya kwanza yatapungua. Kijana yule atazikosa zile elfu nne. Lakini mgeni anayejua bei hupanda pikipiki mara nne kwa siku; asiyejua hupanda mara moja kisha hutembea kwa miguu, au humwita dereva wa hoteli. Na mgeni akiridhika, bahashishi ipo. Bahashishi ni desturi ya zamani kuliko bei ya mgeni, nayo ina heshima, kwa sababu mtoaji anajua anachotoa na mpokeaji anajua amepewa. Kwa njia hiyo kijana aliyehangaika juani anaweza kupokea elfu sita zilezile, elfu mbili zikiwa nauli na nne zikiwa shukrani, akarudi kijiweni bila kujificha.

Nawaachia walimu wenzangu neno la mwisho. Katika kitabu cha hisabati cha shule ya msingi faida ni bei ya kuuzia kutoa bei ya kununulia. Tumewafundisha watoto kanuni hiyo kwa vizazi vingi, na wanaifaulu. Tukifika hapo tuongeze dakika tano tuwasimulie habari za mizani ya pamba: jinsi babu zao walivyowasimamisha vijana wasomi kwenye vituo vya kununulia, na kitu walichokuwa wakikitazama kwenye ule mkono wa mizani. Mtoto wa Mwanza aliyeielewa habari hiyo hatahitaji kuambiwa na mtu yeyote nauli ya mgeni ni kiasi gani.